Kondo la Shoguni Chini ya Mawe

Siku tatu baada ya binti yetu kuzaliwa katika hospitali moja ya Tokyo, mama yangu alipiga simu kutoka Pangani. Aliuliza kama mtoto ananyonya vizuri, akauliza kama mimi ninapata uji wa moto, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Kondo la nyuma mmelizika wapi?" Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Katika jiji hili kondo huchukuliwa na watu wenye leseni ya kazi hiyo, kwa mujibu wa kanuni za jiji lenyewe, na mimi nilikuwa nimechoka mno hata kukumbuka kuuliza. Mama hakunilaumu. Alisema, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye habari za uji. Lakini swali lake lilibaki nami ndani ya nyumba kwa wiki zote zilizofuata, kwa sababu kondo langu mimi najua lilipo: liko chini ya mnazi ulio nyuma ya jiko letu, na tangu utotoni nimekuwa nikionyeshwa mnazi ule kama mtu anavyoonyeshwa ndugu yake.

Nilikaa ndani siku arobaini kama mama alivyoagiza. Siku ya arobaini na moja iliangukia katikati ya Novemba, na matembezi ya kwanza ya mtoto wangu yakawa kwenda kwenye jinja la Nezu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Sendagi. Sikwenda kutafuta jibu la swali la mama. Nilikwenda kwa sababu ndipo mahali pa karibu penye miti mikubwa na pasipo na magari, na kwa sababu nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa mjamzito bila kuingia ndani zaidi ya lango. Jibu, au kitu kilichofanana na jibu, nililikuta huko huko.

Nieleze kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakina neno moja linalotosha kwa mahali pa namna hii. Tukisema hekalu, msomaji anawaza jengo la Kibuddha au la Kihindu, na Wajapani wenyewe hutofautisha hekalu la Kibuddha, ambalo huliita tera, na mahali pa kami, ambapo hupaita jinja. Tukisema madhabahu, tunabaki na meza ya sadaka peke yake. Neno la pwani linalokaribia zaidi ni mzimu kwa maana ya mahali, kama tunavyosema mtu amekwenda mzimuni katika mapango ya Amboni kuweka nadhiri. Lakini mzimu kwetu ni jambo linalotajwa kwa sauti ya chini, ilhali jinja lina lango pana barabarani, lina tarehe zake za sherehe, na watoto hukatiza humo wakitoka shule. Nitalitumia basi neno la wenyewe, jinja, na msomaji aliyezoea mji wa Jinja nchini Uganda ajue kwamba majina haya mawili hayana undugu wowote. Nchini Japani yapo majinja takribani 80,000, na yaliyo mengi si yale yanayopigwa picha na watalii, bali ni ya mtaa au ya kijiji, yakitunzwa na watu wanaoishi kuyazunguka.

Na kami? Mwanachuoni Motoori Norinaga, aliyeishi kati ya mwaka 1730 na 1801, alieleza kwamba kami ni chochote chenye sifa isiyo ya kawaida na chenye kutia kicho, kiwe ni mtu, ndege, mnyama, mti, bahari au mlima. Kwa maelezo hayo, kulitafsiri neno kami kwa neno letu Mungu ni kosa, na kulitafsiri kwa neno jini ni kosa jingine. Mimi ni Mwislamu, na sikwenda Nezu kuabudu. Nilikwenda kama mgeni mwenye adabu anavyokwenda kwenye nyumba ya jirani, na nimegundua kwamba adabu hiyo inatosha kabisa, kwa kuwa hakuna mtu langoni anayemuuliza mwingine anaamini nini.

Mtu anayetoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Nezu hufuata barabara kubwa kidogo, kisha hukata kuingia mtaani, na mara torii inaonekana: nguzo mbili zilizopakwa rangi nyekundu yenye kuelekea chungwa, juu yake mihimili miwili iliyolala, bila mlango wala ukuta. Watu wa mtaa hawapiti chini yake kama wanavyopita chini ya nguzo za umeme. Husimama, wakainamisha kichwa mara moja, ndipo wakaingia, na hata mzee aliyekuwa mbele yangu na mfuko wa sokoni mkononi alifanya hivyo. Kwetu tungesema anapiga hodi. Akiisha kuingia, mtu hutembea pembeni ya njia, kwa sababu katikati huachiwa kami. Nilimfunga mwanangu vizuri kwenye mbeleko, nikainamisha kichwa kama mzee yule, nikaingia kwa upande wa kushoto.

Kuna kidaraja kifupi, kisha lango la ghorofa, na kabla ya kufika mbele ya kumbi kuna birika la jiwe lenye maji. Utaratibu wa hapo ulinigusa kwa namna ambayo wasomaji wengi wa pwani wataielewa. Mtu hushika kata kwa mkono wa kulia akaosha wa kushoto, akabadilisha akaosha wa kulia, akamimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto akasukutua kinywa, akaosha tena mkono ule, kisha akasimamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini na kuusafisha kwa ajili ya atakayefuata. Nasema kata kwa sababu ndiyo hasa: kikombe chenye mpini mrefu, ila mahali pa kifuu cha nazi pana mbao, mwanzi au chuma. Udhu una masharti yake na nia yake, na sitaki kuuchanganya na jambo jingine. Lakini mtu aliyelelewa akiosha mikono na kusukutua kabla ya kusimama mbele ya kitu kitukufu hawezi kuwatazama watu hawa kama wageni kabisa. Lile la mwisho, la kumwoshea mpini mtu usiyemjua, ningependa tungekuwa nalo.

Kwa simulizi za wenyewe, jinja hili lilianzishwa zamani sana, huko Sendagi, na shujaa wa hekaya aitwaye Yamato Takeru, na katika karne ya 15 Ota Dokan, yule aliyejenga ngome ya Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, akalijengea ukumbi. Hizo ni simulizi. Historia iliyo wazi inaanza na mtoto. Mwaka 1662, katika makazi ya Tokugawa Tsunashige, bwana wa Kofu, yaliyokuwa mahali hapa hapa Nezu, alizaliwa mwana wa kiume ambaye mama yake hakuwa mke wa cheo. Hakuna aliyetazamia kwamba angekuja kutawala nchi. Lakini baba yake mdogo, Tsunayoshi, shoguni wa tano, yaani jemadari mkuu aliyeitawala Japani kutoka Edo, hakubaki na mtoto wa kiume wa kumrithi, na mwaka 1704 akamchagua mwana huyo wa kaka yake, akampa jina la Ienobu na kumhamishia ngomeni. Makazi ya Nezu yakabaki bila mwenyewe. Tsunayoshi akayatoa yote kwa jinja, akaamuru kumbi mpya zijengwe humo kwa amri ya utawala wa nchi nzima, na kazi ikakamilika mwaka 1706. Miaka mitatu baadaye Ienobu akawa shoguni wa sita, akatawala muda mfupi tu hadi kufa kwake mwaka 1712.

Kwa nini jinja hili na si jingine, wakati Edo ilikuwa na majinja ya kutosha yenye sifa kubwa zaidi? Sababu ni neno ambalo sikuwa nalijua kabla ya mwaka huu: ubusuna. Ni kami wa mahali mtu alipozaliwa. Siye kami wa ukoo wake, na siye wa mahali anapoishi sasa. Ni wa ile ardhi aliyoangukia, na inaaminika kwamba humlinda mtu huyo maisha yake yote, hata akihamia mbali kiasi gani. Jinja la Nezu, lilipokuwa bado Sendagi, ndilo lililokuwa la ubusuna kwa mtoto yule wa 1662. Alipokuwa mrithi, baba yake mdogo alilihamisha jinja hilo na kulileta juu ya ardhi ile ile alipozaliwa. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Kwa kawaida mtoto hupelekwa kwa kami wake. Hapa kami ndiye aliyeletwa mahali pa mtoto.

Kumbi hizo za 1706 bado zimesimama, na hilo peke yake linastahili kutajwa kwa heshima katika jiji ambalo liliteketea baada ya tetemeko la mwaka 1923 na likateketea tena kwa mabomu ya moto mwaka 1945. Majengo saba yamewekwa chini ya ulinzi wa taifa kama urithi wenye thamani: chumba cha ndani anamokaa kami, ukumbi wa kati wa sadaka, ukumbi wa mbele wa kuabudia, lango la mbele lenye paa la mtindo wa Kichina, lango la magharibi, uzio wa mbao wenye matundu unaozunguka yote hayo, na lile lango la ghorofa. Vyumba vitatu vya kwanza vimeunganishwa chini ya paa moja, mtindo uleule uliotumika huko Nikko kwenye kaburi la Ieyasu, shoguni wa kwanza wa ukoo wa Tokugawa. Mtindo huo huitwa wa gongen, kutokana na cheo alichopewa baada ya kufa. Wazee wa mtaa nao huliita jinja lao Gongen-sama, jina la zamani za kale, wakati dini ya Kibuddha na ibada ya kami zilikuwa zimesukwa pamoja kama ukili, kabla ya serikali ya Meiji, iliyoshika nchi baada ya mashoguni, kuzitenganisha kwa amri mwaka 1868. Amri ilibadilisha majina ya rasmi. Midomo ya watu haikuifuata.

Nilisimama muda mrefu chini ya lango la ghorofa. Mbao zimepakwa nyekundu, na chini ya mapaa kuna vipande vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimechongwa na kutiwa rangi ya kijani, samawati na dhahabu, mpaka jicho halijui lianzie wapi. Kushoto na kulia, ndani ya vyumba vyenye vizuizi, wameketi walinzi wawili wa kuchongwa wenye pinde na mishale. Mimi nimekulia mjini palipo na milango ya nakshi, na huwa naitazama kazi ya seremala kwanza na maana yake baadaye. Kazi hii haikufanywa kwa haraka. Hata ilipo siri, upande wa juu usiofikiwa na macho ya mpita njia, kipande kimekatwa kwa unyoofu uleule wa kilicho mbele.

Siku ile palikuwa na watoto wengi. Katikati ya Novemba ndio wakati wa sherehe ya watoto wenye umri wa miaka mitatu, mitano na saba, na wasichana wadogo walikuwa wakitembea kwa shida ndani ya kimono zao huku baba zao wakiwafuata na kamera. Lakini macho yangu yalikwenda kwa familia moja iliyosimama mbele ya ukumbi. Bibi mmoja mnyoofu alikuwa amempakata mtoto mchanga, na juu ya mtoto huyo limetandazwa vazi la hariri lililofungwa kwa nyuma shingoni mwa bibi, hivi kwamba wawili wale walionekana kama mwili mmoja wenye maua. Mama mzazi alisimama pembeni, mikono mitupu, uso umechoka kama wangu. Huo ndio utaratibu wa kumpeleka mtoto kwa kami wa mahali alipozaliwa, ambao hufanywa mtoto anapotimiza takribani mwezi mmoja, na kwa desturi anayembeba ni bibi mzaa baba. Mwezi mmoja kwao, arobaini kwetu. Mama yule aliniona na mbeleko yangu, akatazama kichwa cha mwanangu kilichokuwa kimechomoza kidogo, akauliza kwa ishara ya vidole mtoto ana siku ngapi. Nilipomjibu, aliinama, nami nikainama, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue sikujiona peke yangu katika jiji lile.

Waliingia ndani, na ngoma ikapigwa. Mimi nikaondoka pale mbele ili nisiwasumbue, nikaelekea pembeni, upande wenye miti, na huko ndiko nilikoliona rundo la mawe.

Halina urembo. Mtu anayetoka kutazama lango la ghorofa anaweza kulipita bila kugeuza shingo. Ni mawe kumi na kitu, ya kupasuliwa, yamerundikwa bila mpangilio maalumu na kuota kuvu, na kando yake kuna kibao cha maelezo kilichowekwa na kata ya Bunkyo. Kijapani changu cha kusoma ni cha polepole. Nilisoma jina la Ienobu, shoguni wa sita. Nikasoma neno ena, ambalo sikulijua. Nikalitafuta kwenye simu, na simu ikaniletea neno lile lile aliloniuliza mama.

Chini ya mawe yale, inaelezwa, limezikwa kondo la nyuma la mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1662.

Nikaketi. Mtoto alikuwa amelala. Nilisoma kibao chote, mstari kwa mstari, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuisikia sauti ya mama. Kinaeleza kwamba watu wa zamani walilitunza kondo kwa heshima katika sehemu nyingi za nchi. Kwamba huko Kumano liliwekwa chini ya jiwe kubwa. Kwamba katika maeneo haya ya Kanto lilizikwa chini ya sakafu ya nyumba au chini ya kizingiti cha mlango, au mahali palipochaguliwa kwa kuangalia pande za dunia. Na kwamba wakubwa walilijengea kabisa kilima chake, kama kile cha Ieyasu kilichoko Okazaki. Kibao kinasema zaidi ya hapo kwamba rundo hili la Nezu, ingawa ni la shoguni, ni la kawaida sana likilinganishwa na mengine ya ukoo huo, na kwa hiyo linasaidia kuzielewa desturi za watu wa chini. Sababu haihitaji kutafutwa mbali: siku lilipozikwa hapakuwa na shoguni, palikuwa na mtoto tu, na mwanamke aliyetoka kujifungua.

Hapo ndipo nilipolielewa jinja, kwa kiasi ambacho mgeni anaweza kulielewa. Nilikuwa nimedhani kwamba kiini chake ni kumbi zile nyekundu, na kwamba mengine yote ni mapambo ya pembeni. Sasa naona kwamba mambo yalikwenda kinyume cha hapo. Ardhi ilipewa kitu kwanza, kitu chenye damu, cha aibu kidogo, kisichotajwa mbele ya wageni. Na miaka zaidi ya arobaini baadaye kumbi zikaja kusimama kando yake. Hata kisima ambacho maji yake yalimwosha mtoto yule alipozaliwa kinaelezwa kuwa bado kimo ndani, kwenye bustani ya ofisi ya jinja. Kule kwetu tunapotaka kusema kwamba mtu hawezi kukataa kwao, tunasema kitovu chake kimezikwa pale. Tunalisema kila siku, kwenye siasa na kwenye ugomvi wa mashamba, mpaka limekuwa msemo mtupu. Mbele ya mawe yale lilirudi kuwa tendo: mtu fulani alichimba, akaweka, akafukia, akakumbuka mahali.

Siku hizi kondo nyingi hazizikwi hivyo, si kwao wala si kwetu. Vituo vyetu vya afya vina shimo lake maalumu la kondo, lililofunikwa kwa zege, na wakunga wanaeleza sababu, ambazo ni za kweli: mbwa, nzi, maradhi. Sitaki mtu asome haya akadhani nawashauri kina mama wagombane na wauguzi. Nilichofikiri pale ni jambo dogo zaidi: kwamba mtoto wangu hana mawe wala mnazi katika jiji hili, na kwamba kwa hesabu ya ubusuna, kami wa mahali alipozaliwa anamhesabu wake hata hivyo. Siamini hivyo. Lakini ukarimu uliomo ndani ya imani hiyo ulinifariji, nami nausema bila kuuficha.

Tulitoka kwa njia ya kilimani, chini ya torii ndogo nyekundu zilizopangwa moja baada ya nyingine hadi zimekuwa kama njia ya chini ya mapaa, na juu ya nguzo zake yameandikwa majina ya waliozitoa. Hizo ni za Inari, kami wa mpunga na biashara, mwenye mbweha kama wajumbe wake. Kijumba chake cha Otome Inari, cha mwaka uleule wa 1706, kina baraza ya mbao inayochungulia bwawa. Ng'ambo kuna mteremko wa azalea, takribani miche 3,000 ya aina zipatazo 100, na kuanzia mwezi wa Aprili watu hujaa hapa wakati wa kuchanua kwake. Kwa Novemba ni vichaka vya kijani tu, vimekatwa mviringo.

Kabla ya kutoka nilionyeshwa kitu kingine, na mzee yule wa mfuko wa sokoni, ambaye tulikutana naye tena kwenye maji ya kunywa. Alinionyesha upande wa nyuma wa jiwe la hapo penye maji. Jiwe hilo lilikuwa kitako cha kombora lililotekwa katika vita vya Japani na Urusi, likatolewa kwa jinja mwaka 1906, na mmoja wa watoaji wawili walioandikwa ni Mori Rintaro, daktari wa cheo cha juu jeshini, ambaye Wajapani wanamjua zaidi kwa jina la Mori Ogai, mwandishi wao mkubwa aliyeishi Sendagi. Natsume Soseki naye aliishi Sendagi miaka ile ile, na lipo jiwe jingine humu ambalo inasemekana wote wawili waliketi juu yake wakipumzika na kuwaza. Mzee alijivunia waandishi wake, na ana haki. Mimi nililitazama jiwe la kombora na moyo wangu ukawa mzito. Mwaka huo huo wa 1906 serikali ilianza mpango wa kuunganisha majinja ya vijijini ili kila kijiji kibaki na moja tu la rasmi, na katika miaka michache makumi ya maelfu yakafutwa, na misitu yake mingi ikakatwa; mtaalamu wa mimea Minakata Kumagusu aliupinga mpango huo kwa nguvu zake zote. Yaliyobaki yakafungwa zaidi na zaidi kwenye mambo ya dola na vita, hadi amri ya Desemba 1945 ilipoyatenga na serikali. Mahali palipowekwa kwa ajili ya kuwapokea watoto wachanga palitumika pia kuwaaga vijana waliokwenda kufa. Sikumwambia mzee hayo. Lakini siwezi kuandika kuhusu mawe ya kuzaliwa nikaliruka jiwe la vita lililo hatua chache kutoka hapo.

Mzee aliniambia nirudi mwezi wa Septemba, wakati wa sherehe kubwa ya mwaka. Jinja linatunza hadi leo machela tatu za kami, zinazoitwa mikoshi, zilizotolewa na Ienobu, na mwaka 1714 sherehe yake ilifanywa kwa heshima ya nchi nzima na msafara wake ukaruhusiwa kuingia ngomeni. Siku hizi mikoshi za mtaa hubebwa mabegani na watu wa mtaa wenyewe, mzee alisema, na akauliza kama mume wangu ana mabega mazuri.

Jioni nilimpigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo? Umemtoa leo?"

Nilimsimulia yote: torii, bibi mwenye vazi la maua, na mtawala mkubwa wa zamani ambaye kondo lake liko chini ya mawe mpaka leo na watu wanasoma kibao chake. Mama alisikiliza kimya. Mwisho akasema, "Kumbe nao wanazika," kwa sauti ya mtu aliyepata habari za jamaa wa mbali. Kisha akauliza, "Na kitovu kilipokatika, mlikiweka wapi?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. Hospitali za Kijapani humpa mama kisanduku kidogo cha mbao nyepesi, cha mti uitwao kiri, na ndani yake huwekwa kile kipande cha kitovu kikishakauka, ili akitunze nyumbani mpaka mtoto awe mtu mzima. Chetu kiko juu ya rafu, kimeandikwa jina la binti yetu na tarehe. Nilimwelezea mama kisanduku kilivyo, urefu wake, na pamba iliyomo ndani.

"Nyumba hiyo ni ya kupanga?" akauliza.

"Ya kupanga, mama. Ghorofa ya tatu."

"Basi kije."

Nilimwambia kwamba kwa desturi ya huku hakizikwi, hutunzwa. Akasema hilo tutalizungumza nikifika, na kwamba yeye hataki kukizika kwa nguvu, anataka kwanza kukishika. Tumekata tiketi za Desemba. Nyumbani Pangani fundi anamwaga zege uani mwezi huu, na mama amekwisha kumwambia aishie hatua nne kabla ya mnazi, pabaki udongo.